Gumegume la Jirani

Jirani yetu hapa Arlington, karibu na Fort Worth, alikuwa mzee wa Kizungu aliyefiwa na mkewe, na tangu tuhamie tulikuwa tukipungiana mikono tu. Jumamosi moja alinikuta nje nikitengeneza kiti cha jikoni kwa patasi. Akasimama kuitazama mikono yangu, kisha akaniuliza kama ningependa kuunda bunduki.

Nikamwambia nitafikiria. Mke wangu, ambaye ni muuguzi, aliposikia aliacha kukata sukuma wiki.

"Wewe ni mtu mweusi, tena mgeni," akasema. "Siku polisi wakija, huyo mzee atasema hakujui."

Nikaulizia. Mwenzetu wa kanisani anayezijua sheria za hapa aliniambia gobore la gumegume, lile la kale linalojazwa baruti mdomoni na kuwashwa kwa cheche za jiwe, halina matata. Hata hivyo, nilipokwenda nilimwomba mzee aache mlango wa gereji wazi. Nilitaka watu wanaopita wanione.

Mtutu alikuwa ameununua. Kitako kilikuwa bado ubao mnene, na zana zilikuwa msumeno, randa, patasi na tupa. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuuchimbia mtutu mfereji ndani ya mti. Unaupaka masizi, unaulaza, unauinua, kisha unachonga kidogo pale palipobaki weusi. Halafu unaanza tena. Niliipenda kazi ile kuliko nilivyotaka kukubali.

Lakini yeye hakugusa chochote. Alikaa kwenye kigoda, mikono mfukoni, akiniambia chonga hapa, acha pale. Jumamosi baada ya Jumamosi, alama za vidole kwenye bunduki ile zilikuwa zangu peke yangu. Wazo hilo liliponijia, nilianza kuufuta mtutu kwa kitambaa kabla ya kurudi nyumbani.

Nilipomweleza mke wangu, alikaanga mahamri akayapeleka gereji mwenyewe. Akamnyooshea mzee sahani na kumngoja. Ikabidi mzee atoe mkono, nao ukatetemeka hata hamri likaanguka.

"Anaficha mikono yake tu," mke wangu aliniambia tuliporudi. "Ule ni ugonjwa. Hawezi kushika tupa tena."

Nilitulia, ila si kabisa. Siku ya kuijaribu bunduki ilipokamilika, kwenye shamba la rafiki yake nje ya Fort Worth, nilijiuliza ni nani atakayefyatua kwanza, maana mtutu unaweza kupasuka. Mzee akanielekeza niifunge kwenye tairi kuukuu, nifunge kamba kwenye kifyatulio, kisha sote wawili tujifiche nyuma ya gari. Nilipovuta, zilitoka cheche tu. Mara ya pili ulilipuka moshi mweupe, na mtutu ukabaki mzima. Mzee akaomba nimsogezee bunduki puani, anuse baruti.

Haikupita muda, mwanawe akaja kutoka mji wa Sugar Land kumchukua akaishi naye. Aliniuliza kwa upole nilikuwa nikifanya nini na baba yake gerejini, na kama kuna kitu nilichobeba. Kisha akafungua sanduku la zana na kuzikagua patasi moja moja mbele yangu. Macho yale niliyajua. Ndiyo niliyokuwa nikimtazama nayo baba yake.

Mzee, akiwa ameshaketi garini, akasema, "Hiyo bunduki kaichonga yeye."

Mwanawe aliizungushia blanketi, akailaza nyuma ya gari, wakaondoka nayo.

Mke wangu alinikuta bado nimesimama kwenye nyasi zao. Akaniuliza kama niliwahi kuambiwa kwamba bunduki itakuwa yangu. Nikasema hapana, na kweli sikuwahi kuambiwa. Sijui kama mzee alinichagua kwa sababu ya mikono yangu, au kwa sababu alijua sitaidai. Nina namba yake ya simu. Bado sijampigia kumuuliza.