Kuangalia Bure

Mimi, mwanangu, nilikuwa nimefika mahali pa kusema hakuna kitu kitakachonishangaza tena duniani. Nilikuwa nayasema hayo dukani, nayasema msikitini baada ya swala, nayasema hata kwenye foleni ya benki kwa watu wasionijua. Mtu aliyeishia darasa la nne Tanga, akaingia Johannesburg na begi moja lenye mkasi na mapazia sita, leo ana duka la ghorofa mbili katikati ya mji na nyumba yake mwenyewe Troyeville, mtu huyo atashangazwa na nini? Nimeibiwa mara tatu. Nimechomewa meza mara moja. Nimemuuzia mapazia mtu ambaye chumba chake hakina dirisha, na akarudi kununua mengine. Nikajiona nimemaliza.

Halafu ikaja Jumapili moja ya mwaka jana, saa tisa alasiri, nayo naikumbuka kama ilikuwa jana. Sogea nikueleze, maana nakuona na wewe umeanza kupata pata, na ugonjwa huu huwapata wanaopata.

Mtoto wangu wa kwanza ni Zuhura. Huyu amekulia chini ya meza yangu ya kukatia vitambaa, anachezea vifungo huku mimi nashona. Amezaliwa hapa hapa. Kiswahili anakisikia chote, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza. Kiswahili chenyewe hukitoa akiwa na njaa au akiwa na hasira. Nilimsomesha mahesabu mpaka chuo, kwa fedha yangu, akapata kazi ofisi nzuri yenye lifti na zulia. Miaka miwili, akaacha. Akaniambia anakwenda kuimba.

"Bendi haina pensheni," nilimwambia.

"Baba, ile meza yako ya mapazia pale kwenye stendi ya teksi ilikuwa na pensheni?"

Nikarudi kwenye cherehani yangu. Ila nilinuna, mwanangu, na kununa kwangu mimi si kwa siku mbili. Miaka miwili sikukanyaga mahali wanapopiga. Watu wakiniuliza binti yako yuko wapi, nasema yuko kwenye mahesabu.

Bendi yao wako sita. Vijana hawa kila kitu wanacho ndani ya simu, lakini wanabeba kinanda cha zamani kinachohitaji watu wanne kukipandisha ngazi. Wanavaa suti za kola ndefu na suruali za bugaluu, nywele wamezifuga kama watu wa picha za ukutani kwa kinyozi enzi zangu. Muziki wao ni soul ya zamani, ule wa gitaa la besi linalotembea taratibu na matarumbeta yanayoitikia, lakini nyimbo ni zao, mpya, wanatunga wenyewe. Mimi niliona ni mchezo wa watoto waliokosa kazi. Sikuwa nimesikia hata wimbo wao mmoja.

Alhamisi moja Zuhura akaja dukani. Hakukaa. Alisimama pale kwenye majora ya kitambaa, akasema, "Baba, Jumapili tunapiga nyimbo mpya, ukumbi ule wa karibu na nyumbani. Kuna mmoja nataka uusikie. Jina lako litakuwa mlangoni, hulipi."

"Nitaona kama nitapata nafasi," nikasema. Nafasi ninayo tele, Jumapili mchana nimefunga duka. Lakini ndiyo hivyo.

Nikaenda. Nilivaa kanzu mpya na koti juu, nikapita benki siku moja kabla nikachukua noti mpya za randi mia mbili mia mbili, zile zinazokwaruza. Mlangoni nikasema, "Mimi ni baba wa mwimbaji," wakanipisha. Nikakaa mstari wa mbele, karibu na bibi mmoja wa Kizulu, kilemba kichwani, mkoba mapajani. Kila mtu anamwita Gogo, yaani bibi. Aliniambia aliwahi kuimba zamani, kabla magoti hayajamkataa, na kwamba hakosi hata onyesho moja la vijana hawa.

Nyimbo tatu za kwanza nilizisikiliza huku nimekunja mikono. Zuhura anajua kuimba. Sauti inatoka chini, haina haraka, halafu inapanda mpaka unaona aibu kukohoa. Watu wamejaa, weusi, weupe, Wahindi wa Fordsburg, wote wametulia. Nikaanza kutazama kulia na kushoto. Nilitaka wajue ni wa nani.

Wimbo wa nne ulianza na dramu peke yake. Tiki-tiki-tiki-tak, tiki-tiki-tiki-tak. Mlio mdogo, mkavu. Zuhura akanitazama pale nilipo, akafumba macho, akafungua mdomo.

Na mimi nikasimama.

Wewe umezaliwa huku, pengine hujui. Kwetu Tanga, mwimbaji akikuingia moyoni, hukai kitini. Unanyanyuka, unakwenda mbele kwa madaha, mkono juu, noti imesimama kati ya vidole watu waione, unamtunza. Unambandika kwenye paji la uso, unacheza kidogo, unarudi. Ndiyo heshima. Mwimbaji asiyetunzwa huenda kwao akilia. Basi nikafanya ya kwetu, na nikazidisha. Nikapanda ngazi za jukwaa. Nikambandika Zuhura noti kwenye paji, ya pili begani, ya tatu kwenye kola. Nikamgeukia mpiga tarumbeta, na kwa kuwa kichwa chake kilikuwa kinatikisika, nikamchomekea noti ndani ya tarumbeta. Tarumbeta ikakohoa. Watu wakacheka. Na mimi, kusikia kicheko, nikajua nimependwa.

"Baba, kaa chini," Zuhura akasema kwa Kiswahili, taratibu. "Tafadhali."

Kiswahili kile kilitakiwa kinishtue. Badala yake nikaisogelea maiki. Nikasema kwa Kiingereza changu cha barabarani, ukumbi mzima unasikia: "Huyu ni binti yangu! Na hizi suti zimewapwaya, mnaona wenyewe! Nani kawashonea? Jumatatu waje dukani kwangu, ghorofa mbili, mkabala na robot, zile taa za barabarani, nitawapima bure!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Safari hii waliwacheka vijana, maana kweli suti zilikuwa zinapwaya, na kabla sijasema hakuna aliyekuwa ameona.

Zuhura akatoa ile noti kwenye paji. Akaweka maiki chini, akapita nyuma ya pazia. Wenzake wakatazamana, wakamfuata mmoja mmoja, wa dramu mwisho. Baunsa akanishika kiwiko kwa adabu.

Nilipofika kwenye kiti changu kuchukua kofia, Gogo hakunitazama. Alisema tu, "Hawu, baba. Mtoto alikuwa anatuambia kitu. Sasa hatutakijua."

Nyumbani mama Zuhura alikuwa ameshapigiwa simu. "Ulikwenda kumtunza mtoto au kulitangazia duka?" akaniuliza, akaenda zake jikoni. Siku ya tatu akaniletea bahasha. Ndani noti zangu zote, na moja ilikuwa imekunjamana kwa mate ya tarumbeta. Pamoja na kikaratasi kwa Kiswahili: *Baba, hizi ni zako. Wimbo ule nao ulikuwa wako. Nimeuandika miezi minane. Hukuusikia.*

Nilitafuta wimbo huo, mwanangu. Nikamwambia kijana wa duka jirani, mtaalamu wa simu, anitafutie. Albamu haijatoka, akasema, nyimbo hizi wanazipiga jukwaani tu. Nikampigia Zuhura, hapokei. Nikapita kwake, hayupo, au yupo. Wiki zikaanza kupita, na kila nikikaa kwenye cherehani nasikia ile dramu, tiki-tiki-tiki-tak, na sijui ilikuwa inakwenda wapi.

Unajua mtu kama mimi akikosea anafanya nini? Anaongeza. Nikawashonea suti sita, za kitambaa kizuri, bitana ya hariri. Vipimo? Jicho langu ndiyo tepu, miaka thelathini. Nikamtuma mama yake azipeleke. Zikarudi jioni ile ile. "Amesema hawakuomba," mama Zuhura akasema. Akainua suruali moja, akaitazama kwenye mwanga. "Halafu hii ya nani, Baba Zuhura? Ya twiga?"

Nilibaki peke yangu na suti sita zimening'inia, na hapo ndipo nikamkumbuka Mzee Kombo, fundi aliyenifundisha kazi Tanga. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimepewa kumpima bwana harusi. Wakati nampima nikawa najisifu: nimemshonea fulani, nimemshonea na mkubwa fulani, nyingi uongo. Bwana harusi naye, asionekane mdogo, akatanua kifua na kuvuta tumbo ndani. Nikaandika vipimo vya mtu aliyebana pumzi. Siku ya harusi alipokaa kula pilau, vifungo vikaachia, kimoja kikaruka hadi kwenye sahani ya mkwewe. Nilijua nitapigwa. Mzee Kombo hakunipiga. Alinivisha tepu shingoni, akasema, "Sefu, mtu hapumui mbele ya mtu anayejisifu. Siku nyingine ukishika tepu, funga mdomo. Subiri mpaka mwenzako apumue."

Niliyashika maneno hayo kwa wateja, yakanipa duka. Kwa Zuhura sikuwahi kuyatumia.

Wiki ya tano wakapiga tena, ukumbi ule ule, Jumapili alasiri. Sikumwambia mtu. Nilivaa shati la kazini. Mlangoni alikaa binti mmoja na kimeza, kinywani bigijii.

"Mimi ni baba wa mwimbaji," nikasema, ulimi umezoea.

Akatazama karatasi yake. "Jina halipo, baba."

"Hakuna bei ya baba?"

"Ipo," akasema. "Ni hii hii ya watu wote."

Nikalipa randi mia mbili na ishirini. Akanigonga muhuri mkononi kama mzigo wa bandarini, akasema, "Sharp, baba. Ingia."

Nikakaa mstari wa nyuma kabisa. Gogo akaniona, akahama na mkoba wake akaja kukaa kando yangu. "Leo wamekufunga kamba?" akauliza.

"Nimejifunga mwenyewe, mama."

"Eish. Tutaona." Na akauweka mkono wake juu ya wangu, nadhani kwa usalama.

Wimbo ule waliuweka mwisho. Dramu peke yake: tiki-tiki-tiki-tak. Na safari hii, kwa kuwa nilikuwa nimefunga mdomo, nikaijua. Ilikuwa cherehani yangu. Ile ya kwanza, ya miguu, yenye jino lililokatika, inayoruka kidogo kila mzunguko. Mtoto aliyekuwa chini ya meza na vifungo alikuwa ameisikia miaka yote ile akaiweka. Besi likaingia taratibu, kama mtu anayepanga meza asubuhi kwenye baridi. Zuhura akaimba kwa Kiingereza habari za mwanaume anayeuza madirisha kwa watu wasio na nyumba. Halafu matarumbeta yakanyamaza, na akaimba kwa Kiswahili, Kiswahili changu mimi, maneno niliyokuwa nayapigia kelele pale kwenye stendi kila asubuhi wakati yeye yuko mgongoni mwa mama yake:

"Njoo mama, njoo baba, kuangalia bure."

Ukumbi ukaitikia. Watu wasiojua hata "habari gani" wanaitikia kuangalia bure, kuangalia bure, matarumbeta yanaitikia, Gogo ananitikisa mkono anaitikia. Magoti yangu yalitaka kusimama, nakuapia. Yalikuwa yanaruka. Nikakaa. Nililia nimekaa, mwanangu, kama mtu mzima, bila kumwonyesha mtu.

Walipomaliza, Zuhura alishuka jukwaani, akapita katikati ya viti hadi nyuma. Akatazama muhuri mkononi mwangu kwanza.

"Ulilipa?"

"Nililipa."

"Umesikia?"

"Nimesikia. Lile jino la cherehani umelijuaje?"

Akacheka, akakaa kiti cha mbele yangu akageuka, kama alivyokuwa akikaa garini akiwa mdogo. "Baba," akasema, na akasema kwa Kiswahili bila njaa wala hasira, "hizi suti kweli zinatupwaya."

Sikujibu neno. Jumatatu walikuja wote sita. Niliwapima mmoja mmoja, kimya, nikisubiri kila mtu apumue. Sasa albamu iko karibu kutoka, na wananiambia wimbo wa cherehani ndio wa kwanza. Miaka miwili niliyonuna sitaipata tena, lakini hii inayokuja sikosi hata onyesho moja. Muulize Gogo.

Basi sikia, mwanangu. Utapata, naona dalili. Utajenga, utaheshimiwa, na mdomo wako utakuwa mpana, maana wa kwangu ulikuwa hivyo. Siku utakapomkuta mtu unayempenda amesimama juu ya kazi yake mwenyewe, usipande kwenda kumsaidia kung'aa. Usimpe unachotaka wewe kutoa. Tafuta kiti, funga mdomo, mwache apumue, usikie anachosema mpaka mwisho, hata kama hakikuhusu. Pengine kinakuhusu. Mungu akupe duka kubwa kuliko langu, akupe watoto wenye ulimi wao wenyewe, na akupe masikio yatakayofika mapema kuliko yangu.

Mimi niliyetembea mji huu nikipiga kelele kuangalia bure, kuangalia kwangu kuligharimu randi mia mbili na ishirini.