Ngazi ya Kambare

Bi Mwanamkuu aliishi kwa kuuza kambare. Babu yake alifika Tabora kutoka Manyema na pembe ya ndovu begani, akabaki. Mjukuu alirithi miguu ile ile: miaka ishirini alitembeza ungo wa kambare wa moshi kutoka Ntalikwa hadi soko la mjini. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa akawa jirani yangu, na ulimi wake niliusikia kabla ya jogoo.

Mwaka wa sabini na tatu tulijenga lambo kukinga kijito, tukajisifu sana. Hakuna aliyekumbuka kwamba kila mvua zinapoanza, kambare hupanda kijito kile kwenda kutaga kwenye majani ya mbuga kule juu. Wakagonga tuta letu, wakarundikana chini yake na matumbo yamejaa mayai. Tuliwazoa kwa vikapu. Bi Mwanamkuu naye alizoa, na hakuficha hilo. Mwaka uliofuata walikuja wachache, tena wadogo.

"Tumekula mama na watoto wake," akasema. "Tukirudia, hawaji tena."

Kiangazi kizima, akitoka shamba la kijiji, alibeba mawe kwa karai. Pale maji ya lambo yanapomwagikia palikuwa na poromoko la kimo cha mtu. Akayapanga mawe ngazi kwa ngazi, maji yashuke taratibu, samaki wapande. Mimi nilikuwa wa kwanza kucheka.

"Ngazi ya kambare! Watapandia miguu ya nani?"

Akajitwika karai, akaenda kufuata mawe mengine. Siku jiwe lilipomponda vidole, alifunga kitambaa, akaendelea.

Lambo lilipofurika, kambare walikuja, hawakuzidi arobaini. Nasi tukaja na vikapu, maana njaa ya mwaka ule haikuwa mchezo. Bi Mwanamkuu alikuwa keshaingia majini hadi magotini, mpini wa jembe mkononi, na mwenyewe hajaonja kitoweo wiki ya pili.

"Toka, Bi Mwanamkuu," akasema Twalibu, mwenyekiti wetu. "Mwenye njaa hana miiko."

"Njoo unitoe, ndugu Mwenyekiti. Anayepanda haguswi. Akishataga akarudi, nitakukaangia mwenyewe."

Nikanyoosha mkono kwa jike moja nono. Mpini ukanishukia kwenye kifundo cha mkono, nikapiga yowe mbele ya watu wazima. Jike likajirusha kwenye jiwe la kwanza, likaanguka, likarudi. Mara ya nne likapita. Twalibu akaweka kikapu chini, akakikalia, na sisi wengine tukakaa naye mpaka wa mwisho alipopanda.

Baada ya siku kadhaa walirudi wamekonda, tukala, si haba. Wiki iliyofuata Bi Mwanamkuu alituita ukingoni mwa lambo. Maji yalikuwa meusi kwa vitoto vya kambare, vidogo kama punje za uwele. Twalibu akachutama, akauliza tutaanza lini kuvua.

"Hawa ni wa mwakani," akasema Bi Mwanamkuu.

Nikaona haya. Tangu tuhamishwe nilikuwa naisukuma siku ipite tu, sijawahi kuthubutu kulitaja neno mwakani.