Mfuniko wa Sufuria ya Pilau

Stashahada yangu nimeitundika ukumbini, mkabala na mlango, ili anayeingia aione kabla hajaniona mimi. Sioni haya kulisema hilo. Niliondoka kwetu Mtambile, kisiwani, na begi la kuazima, nikasoma bara huku nikiosha vyombo hotelini, na nyumba hii ninayofundishia Kiingereza jioni nimeijenga mwenyewe.

Wiki iliyopita tulifika kwenye neno outraged. Mwanafunzi mmoja, msichana anayetafuta kazi ya mapokezi, akasema, "Mwalimu, si kukasirika tu huko?"

Nikamwambia hapana. Mtu akikukanyaga mguu utakasirika. Neno hili linataka kwanza ushtuke, usiyaamini masikio yako, uone umevukwa mpaka ambao hukudhani yupo wa kuuvuka. Hasira ndiyo inafuata. Niliwasikia wageni hotelini wakilitumia hata chai ikichelewa, lakini hayo ni matumizi ya ovyo.

"Basi tupe mfano."

Nikampa wa shangazi yangu.

Ilikuwa harusi ya binti wa ami. Baba alikwishafariki, na ami, ndugu yake, ndiye mlezi wangu. Nafasi ya chuo nilikuwa nimeipata, ila bila ruhusa yake nisingevuka bahari. Wanaume tumekaa majamvini, mikono tumenawa, tunangoja masinia. Mzee mmoja akamuuliza ami nitasafiri lini. Ami akacheka.

"Huyu? Haendi popote. Yatima ukimsomesha sana anapanda kichwa. Atanichumia karafuu."

Nyuma ya pazia shangazi, dada yake ami na marehemu baba, alikuwa anapakua. Tukasikia mfuniko unarudishwa juu ya sufuria.

Masinia hayakuja. Wageni wakaanza kutazamana. Kwetu ukiwanawisha watu mikono kisha usiwape chakula, habari inafika hadi bandari ya Wesha kabla jua halijatua. Ami akaita, "Dada, vipi huko? Watu wanangoja."

"Najua, kaka yangu." Sauti laini, kama anabembeleza mtoto. "Nimekaa hapa na upawa wangu. Nahisi sikusikia vizuri ulilosema juu ya mtoto wa marehemu. Hebu rudia, na wanawake wenzangu wasikie."

Ami akajifuta jasho kwa mkono aliokwisha kuunawa.

"Nimesema ataondoka harusi ikisha, inshallah."

"Alhamdulillahi. Na wageni wamesikia." Mfuniko ukafunguliwa, harufu ya pilau ikatujia, na mimi nikatia kinywani tonge la kwanza kwa furaha.

Darasa likacheka. Shangazi, ambaye siku hizi anaishi kwangu, alikuwa chumba cha pili akitusikiliza.

"Waambie mie sikukasirika," akasema kupitia mlangoni. "N'lishangaa tu. Mkono ukakataa kupakua."

"Na ami wako alikula, Mwalimu?" msichana akauliza.

"Alikula, tena akaomba ukoko."

Nimejijenga mwenyewe, na hilo nitalisema mpaka nizikwe. Ila pilau ikiiva hapa kwangu siku ya Ijumaa, wa kwanza kupakuliwa ni shangazi, na upawa naushika mimi.