Mzee wa Mbu na Televisheni za Korongoni

Kwa miaka mingi, kila Jumamosi alasiri, mtayarishaji wa kipindi cha mazingira alifunga kipindi chake kwa maneno yaleyale: "Kitu kibovu kisilale ndani. Kitoe kabla hakijazaa mbu." Aliyasema akiwa amekunja mikono ya shati, uso mkavu, kama anayemsema mtoto aliyekojoa kitandani. Watoto mitaani walimwiga. Ofisini walimwita Mzee wa Mbu, naye aliitika bila kununa, kwa sababu jina lile lilimhakikishia kwamba walau kuna watu wanaomsikiliza.

Tangu mkewe afariki aliishi peke yake katika nyumba ya vyumba viwili. Binti yake wa pekee alikuwa ameolewa mji wa mbali. Enzi za antena za juu ya bati, Jumamosi ilikuwa na utaratibu wake. Kipindi kilirushwa kutoka mnara wa kilimani, kikaingia nyumba zote kwa wakati mmoja, na kabla majina ya watayarishaji hayajaisha kupanda kwenye kioo, simu yake ililia. Binti alianza na utani.

"Baba, shati la leo umelipiga pasi kwa mikono?"

Au: "Baba, leo yule kobe wa kwenye kipindi amekuzidi uchangamfu."

Kisha wakazungumza ya nyumbani. Baada ya simu hiyo mzee aliinuka akapika. Jumamosi ambayo simu haikulia, alikunywa chai kavu akalala.

Ndipo mitambo ikabadilishwa. Mnara wa zamani ulizimwa, matangazo yakahamia kwenye mfumo wa dijitali, na aliyetaka kuyapata ilimlazimu awe na king'amuzi. Vipindi viliwekwa pia kwenye mtandao, kila mtu atazame saa aitakayo. Jambo hilo lilisifiwa sana, na binti naye alilisifu.

"Siku hizi sina haja ya kuwahi, baba. Nitakitazama nikipata nafasi."

Nafasi ni kitu adimu kwa mwanamke mwenye kazi na watoto wadogo. Simu ya kila Jumamosi ikawa ya mwisho wa mwezi, halafu ikawa ujumbe wenye picha ya ua. Mzee hakulalamika. Jumamosi aliendelea kuiweka simu mezani, karibu na mkono.

Miezi hiyo kituo kilirusha tangazo moja mpaka likachosha. Kijana mtanashati anaizima televisheni nene ya kichogo, anaisukuma kando kwa mguu, kisha anakaa mbele ya kioo chembamba kama sinia. "Ya zamani imekwisha," anasema. "Ingia dijitali."

Habari za korongo lililogeuka jalala alizipata kwa mfagiaji wa ofisi. Alikwenda peke yake na kamera ndogo, maana mpigapicha wake alikwishapunguzwa kazini. Nyuma ya mtaa wa mafundi alikuta televisheni zimerundikana kutoka ukingoni mpaka majini, vichogo juu, kama kundi la ng'ombe waliolala. Nyingine zilikuwa zimepasuka vioo. Nyingine zilifunguliwa na watafuta shaba, nyaya zikachomwa, udongo ukawa mweusi wenye harufu ya kukaba koo. Chini kidogo mtu alikuwa akimwagilia mboga kwa maji hayohayo.

Nyumba ya ukingoni ilikuwa ya mshonaji mmoja, mjane, ambaye majirani walimwita Mama Sindano. Alikubali kuhojiwa, akajifunga kitambaa kipya kichwani kwanza.

"Mama, ni nani wanaotupa hizi?"

"Sisi. Ile yenye kibandiko cha ua ni yangu."

"Kwa nini uliitupa?"

"Ilikufa, baba. Siku moja ikaamka na chenga tupu kwenye kioo mpaka jioni. Nikaipiga kofi la kichogo kama ilivyozoea, wapi. Na yule kijana wa kwenye tangazo alikwishasema ya zamani imekwisha." Alimtazama, tabasamu limeanza kumponyoka. "Halafu na wewe, si ndiye unayesema kitu kibovu kisilale ndani? Nimekutii, sasa unanijia na kamera."

Mzee aliigeuzia kamera ile yenye kibandiko cha ua. Televisheni ile haikuwa mbovu. Hata ya kichogo hufungwa king'amuzi kwa nyuma ikaonyesha kama kawaida. Kituoni kila mtu alilijua hilo, fundi mitambo, msomaji wa habari, mpaka mlinzi wa getini. Na kwa kuwa kila mtu alilijua, hakuna aliyefikiria kulitangaza. Watu walikuwa wanazika televisheni nzima, na watu wa kituo wamekaa mkutanoni wanaulizana mbona watazamaji wamepungua.

Mzee hakumwambia Mama Sindano palepale. Alijisemea atalisema hewani, wasikie wote. Hapo alikosea. Aliyekosewa alikuwa amesimama mbele yake, na alistahili kuambiwa wa kwanza.

Kipindi alikihariri mwenyewe, akakipeleka kwa mkuu wa vipindi, mwanamke ambaye zamani mzee ndiye aliyemfundisha kushika kamera. Mkuu huyo alikitazama chote kwa makini.

"Mwalimu, huyu mama anajua kusema," alisema huku akicheka. "Mwache hivyohivyo. Lakini lile tangazo letu toa. Na hayo maelezo ya king'amuzi toa pia. Wanaotulipa matangazo wanauza televisheni mpya."

"Nikiyatoa, itabaki kwamba watu wametupa kwa sababu ya mbu."

"Mbu ni wako, Mwalimu."

"Ni wangu. Ndiyo maana nimemwacha mama anisute mpaka amalize. Lakini nusu nyingine ni yetu sote."

"Kwa hiyo kituo kijisute chenyewe, saa ya watoto?"

"Ndiyo saa nzuri. Na wazazi wanakuwepo."

Safari hii mkuu hakucheka. Alimweleza kwa upole, na upole huo ulimchoma mzee kuliko ukali. Akikubali kukata, Jumamosi itabaki yake mpaka astaafu. Akikataa, kipindi kitawekwa mtandaoni tu, na Jumamosi atapewa mtu wa mapishi.

"Nenda kafikirie mpaka kesho."

"Sina cha kufikiria. Kiweke mtandaoni, kizima."

Wenzake walimwona mkaidi. Wengine walisema uzee umemwingia vibaya. Lakini mtu aliyekula riziki yake kwa kukemea uchafu wa wengine hana ruhusa ya kuufunika wa kwao, na mzee hakuwa na shaka juu ya hilo. Shaka yake ilikuwa nyingine kabisa. Jumamosi ilikuwa kamba ya mwisho iliyomfunga na binti yake, na alikuwa ameikata kwa mkono wake.

Siku kipindi kilipowekwa mtandaoni mzee alikwenda kwa Mama Sindano, maana mama huyo hakuwa na king'amuzi wala simu ya kutazamia. Chumbani, meza ya televisheni ilikuwa imewekwa vitambaa vya wateja. Waliinamia simu ya mzee, vichwa vikikaribia kugusana. Mama Sindano alijiona, mdogo kama kucha.

"Kilemba kimekaa upande," alisema. "Ungeniambia."

Walifika mahali mzee anapoeleza habari ya king'amuzi. Mama Sindano aliacha kutabasamu. Alimwomba arudishe nyuma, akasikiliza tena.

"Kwa hiyo haikufa."

"Haikufa, mama."

"Na siku ile umesimama hapa, ulikuwa unajua?"

"Nilijua. Nilijua hata kabla ya siku ile. Sikudhani kuna mtu hajui."

Mama Sindano alimrudishia simu. Alichukua gauni la mteja, akalinyoosha gotini, akatafuta pindo.

"Televisheni ile alininunulia marehemu," alisema. "Sisemi kitu. Nakuambia tu ujue."

Mzee aliomba radhi. Alizoea kusema mbele ya maelfu, na mbele ya mtu mmoja maneno yalimtoka mafupi, ya kigugumizi. Mama Sindano aliitikia kwa kichwa bila kuinua macho. Mzee alipofika mlangoni, mama alimwita.

"Baba. Ile ya mbu, utaendelea kuisema?"

"Sina tena pa kuisema."

"Basi," alisema Mama Sindano, akakanyaga cherehani.

Mzee alitoka akapita kando ya korongo. Simu alikuwa ameishika mkononi, na hakuitazama kama binti ametuma neno.