Kompyuta Yetu, Ufunguo Wao

Nakumbuka asubuhi ile pale Omurushaka, mwishoni mwa miaka ya tisini, kompyuta ya duka letu la uchapaji ilipogoma. Nilikuwa kijana, mwanangu, na mchapaji pekee pale. Kioo kilionyesha maneno machache tu: muda wa kutumia programu umekwisha, mwite muuzaji.

Mbele yangu alikaa Bibi Kemilembe, mjane kutoka Isingiro. Mumewe, kabla ya kufa, alikuja dukani akanitamkia majigambo yake kwa lugha yetu ya Kinyambo, yale wanaume wa zamani waliyojivunia mbele ya watu. Nikayachapa, yakabaki ndani ya kompyuta, bado hayajatolewa kwenye karatasi. Jumamosi ilikuwa siku ya kumaliza matanga, na mjukuu alitakiwa kuyasoma. Hakuna mwingine aliyeyajua.

Tukamwita muuzaji, akaja kutoka Bukoba.

"Mnunue programu mpya," akasema. "Mashine ni yenu, lakini mfumo ni wetu."

Bibi akamtazama. "Na mume wangu, naye ni wenu?"

"Shikamoo, mama. Mimi nafuata utaratibu tu."

"Shikamoo yako kaa nayo! Mtu anauza jembe, mpini anabaki nao kwake!"

Wateja wakacheka. Pesa ya programu mpya hatukuwa nayo; muuzaji akafunga mkoba, akapanda basi. Jumamosi mjukuu akasimama mbele ya watu, hana la kusoma, akakaa.

Hadi leo damu inanichemka. Walituuzia kitu wakabaki nacho, na bado wakatuita wateja!

Mimi miguu yangu haijui kutulia. Nilizunguka hadi Mwanza, na huko mwalimu mmoja wa chuo akanionyesha mfumo huria, ambao unaruhusiwa kuuchungulia ndani, kuubadilisha, hata kumpa jirani nakala. Akanipa diski yake. Nikarudi, nikaitoa ile kompyuta stoo, nikaiwasha kwa mfumo ule. Maneno ya mzee yakatokea, yote.

Nikamsomea Bibi, ambaye macho yalikuwa yameshaanza kumwacha. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe yalikuwemo humu siku zote?" akauliza.

Nikamsomea tena, tangu mwanzo.

Mwanangu, leo una simu mfukoni na kompyuta mezani. Kabla hujaweka humo sauti ya baba yako, uliza nani mwenye amri juu yake. Ukiambiwa huruhusiwi kuona ndani wala kugusa, kasirika, kisha tafuta kingine. Mungu akujalie vitu vinavyokutii wewe, na maneno ya wazee wako yasikose kamwe wa kuyasoma.