Jaruba Lisilovuja

Mama mkwe alinipa shamba lake la mtama kando ya Mto Turkwel, nje kidogo ya Lodwar, nilime mpunga. Ndilo lililokuwa likiwalisha wajukuu wake, na alikubali kwa sababu nilijigamba kwamba mimi nimezaliwa na kukulia kwenye mpunga.

Nilipanda, nikanyunyiza dawa ya magugu, tukafungulia maji. Magugu yakafa. Halafu mpunga nao ukadumaa. Ukabaki mfupi, wa kijani kilichokolea mno, majani mapya yamejikunja yakishindwa kutoka. Kila asubuhi niliutazama nikatamani kuupigia kelele.

Nilimpigia simu bwana shamba wa kwetu. Akasema dawa yenyewe haina neno na mpunga. Shida ni udongo uliofunikwa na maji muda mrefu ukakosa hewa. Vijidudu vya humo huigeuza dawa ikawa kitu kingine, na hicho ndicho kinachodumaza. "Toa maji, udongo upumue," akaniambia, kana kwamba ni jambo rahisi.

Kwetu jaruba la mpunga huvuja lenyewe na hakuna anayejali. Hapa mama mkwe alizunguka tuta linalozuia maji kila siku, akiziba kila tundu la panya kwa tope, na majirani wakamsifu kwamba shamba lake halipotezi hata tone. Sasa mkwe unamwambiaje kwamba bidii yake ndiyo inayomuulia shamba? Nilimtuma mke wangu, akarudi amenuna. Ikabidi niende mwenyewe.

"Ejok, mama."

"Ejok. Nasikia unataka kumwaga maji. Wewe umeona wapi mtu wa Turkana anamwaga maji?"

"Dawa imegeuka sumu humo ndani, mama."

"Dawa nani alileta?"

"Mimi."

"Basi toa dawa yako. Maji wacha."

Nilikaribia kulia kwa hasira. Nikachukua jembe, nikabomoa tuta mbele yake. Hakunizuia. Alisimama penye lile pengo, maji yakimpita miguuni kuelekea mchangani, mpaka yakaisha.

Udongo ulipokauka, majani mapya yalichomoza yamenyooka. Nikamwita mbio aje aone. Akainama, akagusa moja, akakubali kwamba ni zuri. Kisha akautazama ule mchanga ulioyanywa maji yetu.

"Ukimaliza kuvuna," akasema, "nirudishie shamba. Mimi napanda mtama."