Ndoo Iko Nje

Nilipompangishia mwanangu chumba katika mtaa wa Bulla Pesa, jamaa zangu waliuliza kama nimerukwa na akili. Ana miaka ishirini na mitatu na ana usonji. Tangu utotoni mimi ndiye niliyemsemea, nikamtangulia dukani, nikawaomba watu radhi kwa niaba yake. Lakini magoti yangu sasa yananiambia ukweli ambao jamaa hawataki kuusikia. Nikifa, ataishi na nani? Ndugu zake wameoa na wana watoto, na nikiwauliza swali hilo wananitajia Mungu tu.

Kumfundisha kujitegemea kulinichosha kuliko kumlea. Tulirudia kupika ugali mpaka nikauchukia ugali. Tukarudia kuzima gesi, kufunga kufuli, kuvuka barabara. Kazi alikuwa nayo tayari, ya kuosha mitungi ya maziwa ya ngamia ninayouza sokoni. Aliipenda kwa sababu mitungi haisalimii mtu.

Jambo moja nilisahau kumfundisha, nalo ni mlango. Katika ploti za Bulla Pesa, zile nyua za vyumba vya kupanga, mtu akiwa ndani mchana huacha mlango wazi, pazia tu likining'inia. Ukijifungia, ama wewe ni mgonjwa, ama umewanunia majirani. Mwanangu hujifungia. Redio, watoto na pikipiki humuumiza masikio, basi hufunga, huketi gizani, hutulia.

Wiki ile ile aliyohamia, jirani yake wa ukuta mmoja, mama wa Kiturkana anayeuza mboga, alibisha asijibiwe. Akaita, kimya. Majirani wakajaa, na kwa nia njema kabisa wakavunja komeo wakidhani kijana amezimia. Walimkuta amejikunyata kando ya kitanda. Alipoziona nyuso zote zile alipiga mayowe, akavunja sahani zake. Nilipofika, mwenye ploti aliniambia kwa upole, na upole huo ndio ulioniudhi, kwamba likitokea tena nimrudishe nyumbani.

Nikamwambia mwanangu aache mlango wazi. Alitii, maana ukimwambia neno hulishika lote. Nilipomtembelea tena nilimkuta katikati ya chumba, mikono masikioni, chakula cha jana hakijaguswa, na kila anayepita anamsalimia kwa sauti.

"Mlango wazi unaniuma," aliniambia.

Sikubishana naye. Nilianza kuanua nguo zake kwenye kamba na kuzitia kwenye mfuko. Nilikuwa nimechoka hata kulia sikuweza. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, wanasema, lakini waliosema hawakuwa na magoti yangu.

Yule mama wa mboga akasimama mlangoni, akauliza tunaenda wapi. Nilimjibu kwa ukali. Nikamweleza habari za masikio na za mlango, na kwamba kwa huruma yao walikuwa karibu kumuua. Hakukasirika. Alitazama huku na huku mpaka macho yake yakatua kwenye ndoo ya kijani.

"Asubuhi akiamka aipindue hiyo ndoo, aiweke nje," alisema. "Tukiiona tutajua ako mzima, hatutabisha. Isipokuwepo, nitabisha mimi peke yangu, pole pole. Wewe uko mbali huko Wabera, mama. Fimbo ya mbali haiui nyoka."

Nikazirudisha nguo kwenye kamba.

Ploti nzima ikaishika sheria ile, hata watoto. Mwanangu naye alinipangia siku yangu, Jumapili, nami nikaikubali kama mgeni yeyote. Kwa miezi kadhaa nilienda Jumapili tu. Kisha Jumatano moja niliamka na wasiwasi usio na sababu. Nikabeba maziwa, nikapanda boda. Ndoo ilikuwa pale mlangoni, imepinduliwa. Nikainua mkono.

"Mama, ndoo iko nje," yule jirani wa mboga alinionya.

Nikamwambia mimi ni mama yake. Nikabisha.

Mwanangu alifungua kidogo. Alikuwa na unga mikononi.

"Ndoo iko nje," alisema. "Wewe ni Jumapili." Akafunga.

Niliumia, sitadanganya. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mzazi nilikuwa nimefungiwa mlango mbele ya watu. Katika ploti nzima, aliyebaki kubisha ni mimi. Jirani hakunicheka. Alinisogezea kigoda, nikakaa, nikamsikia mwanangu ndani akisonga ugali wake, mwiko ukigonga sufuria. Nilisikiliza mpaka akazima gesi.

Nikamwachia jirani maziwa, nikarudi Wabera. Nilivua viatu, nikajinyoosha kitandani, nikalala usingizi mchana kweupe, kitu ambacho sikuwa nimekifanya tangu azaliwe.